Sura ya Saba: Kinachorudi Ndicho Kinachobana

Zana nyingi hazifi kwa kuvunjika. Hufa kwa kulegea. Jembe huchomoka kwenye mpini katikati ya palizi, kisu huanza kucheza kwenye kishikio, shoka huruka na kumpita mchanja kuni karibu na sikio. Ukiliokota unakuta chuma ni kizima na mti ni mzima. Kilichoshindwa ni mahali viwili hivyo vilipokutana, na mahali hapo ndipo fundi alipotakiwa kuweka akili yake yote.

Sura hii inahusu mahali hapo pa kukutana: namna kitu kimoja kinavyovikwa juu ya kingine kikashika bila gundi, bila parafujo na bila kulehemiwa. Nitaanzia Balangdalalu na vijiji vinavyoizunguka, wilayani Hanang, kisha nitakwenda hadi kwenye kikombe kidogo cha shaba ambacho walenga shabaha wa Marekani hukivisha kwenye tako la risasi waliyoimimina wenyewe. Safari hiyo ni ndefu, lakini kanuni inayotawala ncha zake zote mbili ni moja. Nataka msomaji aishike, kwa sababu akiishika hatanunua tena zana inayolegea, wala hatatengeneza.

Mhunzi wa watu watatu

Balangdalalu iko katika nyanda kavu za Hanang, mkoani Manyara, si mbali na ziwa la chumvi la Balangida Lelu. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, unaonekana kutoka mbali kwa sababu hauna mwenzake karibu. Hii ni nchi ya Wabarbaig, kundi kubwa la Wadatoga, wafugaji wa ng'ombe. Juu kwenye miinuko ya Mbulu wako Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji pia. Katika Bonde la Yaeda, lililomo ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Mbulu, wako Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi.

Mfugaji anataka mkuki, kisu na bangili za mkewe. Mkulima anataka jembe na shoka. Mwindaji anataka vigumba vya mishale. Wote watatu wanahitaji mtu anayejua moto, na kwa vizazi vingi mtu huyo amekuwa mhunzi wa Kidatoga. Wahadzabe wamekuwa wakibadilishana naye asali na nyama kwa vyuma, ingawa wao wenyewe pia hufua msumari wa kawaida ukiwa baridi mpaka ukawa kigumba.

Pamoja na kuhitajiwa hivyo, mhunzi hakupewa heshima sawa na wengine. George Klima, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti kwa Wabarbaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, aliandika kuhusu Gidang'odiga, ukoo wa wahunzi, ambao watu wa koo nyingine hawakuoana nao. Desturi za namna hiyo zinajulikana kwa jamii nyingi za wafugaji wa Afrika Mashariki. Ninaona uchungu kuziandika, kwa sababu elimu iliyofungiwa ndani ya ukoo mmoja unaotengwa haifundishwi shuleni, haiandikwi, na mzee akifariki inakwenda naye.

Kiwanda chake ni kidogo. Kuna shimo la mkaa, na kuna mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi inayoshikwa na kijana mmoja, mkono huu ukijaza upepo na ule ukiusukuma, ili moto usipumue kwa vipindi. Upepo hupita kwenye kinywa cha udongo kilichochomwa, maana mti ungeungua. Fuawe ni jiwe gumu au kipande kizito cha chuma. Malighafi ni vyuma chakavu: springi za magari kwa visu na mikuki, misumari kwa vigumba, kufuli mbovu na koki za mabomba kwa bangili. Shaba ya njano huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 900 hadi 940 za selsiasi, na mkaa ukipulizwa vizuri unafika huko. Huyeyushwa katika chungu kidogo, ikamiminwa kwenye mfereji wa kalibu ikatoka kijiti, kisha kijiti kikafuliwa, kikalainishwa, kikafuliwa tena na kukunjwa.

Hilo neno "kikalainishwa" ndilo lililobeba sura nzima.

Metali hukumbuka

Chukua spoku ya baiskeli na waya wa shaba wa umeme uliovuliwa plastiki, vyote vya unene unaokaribiana. Vizungushe kimoja kimoja kwenye msumari mnene, ukibana kwa nguvu zako zote, kisha achilia. Waya wa shaba utabaki ulivyouacha. Spoku itafunguka kidogo, na pete uliyodhani umeibana itakuwa pana kuliko msumari.

Kila metali inayokandamizwa hubadilika kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Sehemu moja ya mabadiliko hubaki daima, na sehemu nyingine hudumu muda ule tu nguvu ipo. Nguvu ikiondoka, inarudi. Ukubwa wa kurudi huko hutegemea mambo mawili: metali inahimili kiasi gani kabla ya kusalimu amri, na ni ngumu kiasi gani kunyumbulika. Ile inayokataa kusalimu amri haraka ndiyo inayorudi sana.

Tarakimu zinasaidia hapa. Shaba nyekundu iliyofuliwa mpaka ikawa ngumu hurudi kwa karibu asilimia 0.25 ya upana wake. Shaba hiyo hiyo, ikitiwa motoni na kulainishwa, hurudi kwa kiasi cha asilimia 0.04 tu. Kwa pete yenye kipenyo cha milimita 20, ya kwanza itafunguka kwa milimita 0.05 na ya pili kwa chini ya milimita 0.01. Unywele wa mtu una unene wa karibu milimita 0.07. Kwa hiyo tofauti kati ya pete inayoshika na pete inayozunguka bure ni ndogo kuliko unywele mmoja, na bado kidole kinaihisi mara moja.

Sasa fikiria pete na kiini chake vikibanwa pamoja. Mkandamizo ukiondoka, vyote viwili vinataka kurudi. Kama pete ya nje inarudi zaidi kuliko kiini, inajitenga nacho na nafasi inabaki katikati. Kama kiini ndicho kinachorudi zaidi, kinaisukuma pete kutoka ndani, nayo inabaki imekazana mchana na usiku. Nguvu ya nyundo haiamui jambo hili. Unaweza kupiga mpaka mkono ufe ganzi na pete ikabaki legevu, kwa sababu umebana vitu viwili ambavyo tofauti yao ya kurudi iko upande usiofaa.

Kanuni basi ni hii: kinachokumbatia kiwe kilaini, kinachokumbatiwa kiwe na uhai wa kurudi.

Noleo la kisu

Mahali pazuri pa kuiona kanuni hiyo ikifanya kazi ni kwenye noleo, ile pete ya metali inayozunguka mpini pale chuma cha kisu kinapoingia. Noleo lina kazi moja. Mkia wa kisu ukisukumwa ndani ya mti hufanya kama kabari na kutaka kuupasua mpini. Noleo linauzuia usipasuke.

Fundi hukata ukanda wa shaba, akaukunja ukawa pete inayoingia kwa shida kidogo. Wakati anaukunja na kuugonga, shaba inakuwa ngumu. Fundi asiye na subira huivisha hivyo hivyo, akaigonga pande zote, na baada ya msimu mmoja inateleza mpaka katikati ya kishikio. Mwenye subira huirudisha motoni kwanza. Anaitazama kivulini, kwa sababu juani rangi haionekani vizuri, na inapofika wekundu hafifu, kama kwenye nyuzi joto 500 au 600, anaitoa na kuitumbukiza majini. Chuma cha pua kikipashwa zaidi ya hapo kisha kikatumbukizwa majini, huwa kigumu na chenye kuvunjika upesi. Shaba haina tabia hiyo. Maji yanaipoza tu na kuing'olea ganda jeusi, nayo inatoka laini hata kidole kinaweza kuibonyeza.

Sasa anaivisha kwenye mpini na kuigonga kwa nyundo ndogo huku akizungusha, kila pigo likiangukia pembeni mwa lililotangulia. Mti chini yake unabonyea. Mti, tofauti na shaba laini, una uhai mwingi wa kurudi: ukibanwa kidogo kwa upande hurudi karibu wote. Hivyo kila pigo linapoondoka, shaba inabaki ilipopelekwa na mti unarudi kuisukuma. Zaidi ya hayo, mapigo yaleyale yanaikaza shaba tena, na sasa ugumu huo una faida, kwa kuwa umekuja baada ya pete kukaa mahali pake. Laini wakati wa kuvishwa, ngumu baada ya kuvishwa: mpangilio huo ndio ufundi wenyewe.

Mti na majira

Mti una kurudi kwa aina nyingine, kunakotokana na maji. Mti mbichi ukikauka hupungua upana kwa asilimia 4 hadi 8, kutegemea aina yake na upande wa pete zake za ukuaji, lakini urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana mpini haufupiki wakati wa kiangazi ila unakonda.

Huku Hanang mvua huanza karibu na Novemba na kuisha kama Mei, kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu na upepo. Mpini uliokatwa na kutiwa chuma wakati wa mvua utakuwa umebana vizuri Machi na utacheza Agosti. Kijana anapomletea mhunzi shoka linalochomoka, baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za ng'ombe, swali la kwanza la mzee huwa si juu ya chuma. "Mti huu uliukata lini, mwanangu?" Jibu la kijana ndilo linaloamua kama tatizo ni la nyundo au ni la majira.

Wengi wetu tuna dawa ya haraka: kulitumbukiza jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limebana kabisa. Ninawasihi wasomaji waiache dawa hii. Mti ulioloa unataka kuvimba, lakini jicho la jembe haliuruhusu, kwa hiyo nyuzi zake zinajiponda zenyewe dhidi ya chuma. Ukikauka, unakauka ukiwa mwembamba kuliko ulivyokuwa jana. Unaloweka tena, unapondeka tena. Baada ya mwezi mpini huo hauna tiba ila kabari, na baada ya msimu hauna tiba kabisa.

Njia ya kudumu ni kugeuza mpangilio. Mpini ukaushwe sana kabla, ikiwezekana kwa kuning'inizwa wiki kadhaa juu ya moshi wa jikoni, kisha utiwe chuma ukiwa umekonda kuliko utakavyokuwa siku nyingine yoyote. Hewa ya kawaida itaurudishia unyevu kidogo, nao utavimba kidogo, na huko kurudi kutaubana kwa miaka.

Shoka la kienyeji lina jibu lake lingine, nami naliona ni mojawapo ya mawazo bora ya uhandisi katika nchi yetu. Shoka na jembe la kiwandani, kama yale yaliyotoka kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, vina jicho ambalo mpini hupenyezwa ndani yake. La kienyeji ni kinyume: chuma kina mkia unaochongoka, na mkia huo ndio unaopenya kwenye kichwa kinene cha rungu la mti. Kila pigo la shoka juu ya gogo linausukuma mkia ndani zaidi. La kiwandani hulegezwa na kazi. La kienyeji hukazwa na kazi. Sharti lake ni kwamba kichwa cha mti kiwe na nyuzi zilizopindana, ndiyo sababu hukatwa pale tawi linapoungana na shina au kwenye mzizi, ambapo mti hautaki kupasuka.

Tundu la mkia hutobolewa kwa mkia wenyewe ukiwa mwekundu. Unapenya kwa kuunguza, na tundu linapata umbo lake hasa. Hapa pana jambo moja dogo linalosahauliwa: ukuta wa tundu hilo sasa ni mkaa, na mkaa husagika. Lazima ukwanguliwe mpaka mti mgumu uonekane ndipo chuma kilichopoa kigongwe ndani. Asiyekwangua amelivisha shoka lake kwenye unga.

Kano iliyoloa, chuma cha moto

Wahadzabe wa Yaeda wana njia isiyohitaji moto wala shaba. Mshale wao hufungwa kwa kano ya mnyama. Kano hutafunwa mdomoni mpaka ilainike, huzungushwa ikiwa imeloa, na kuachwa ikauke. Ikikauka inasinyaa, na ikisinyaa inakaza kuliko kidole chochote kinavyoweza kuvuta uzi. Kile kinachokumbatia kimevishwa kikiwa kimelegea na kirefu, kisha kimerudi.

Reli nayo ilitumia wazo hilo kwa chuma na moto. Magurudumu ya vichwa vya treni vya mvuke yalikuwa na tairi la chuma cha pua lililovishwa juu ya gurudumu likiwa la moto. Chuma cha pua hutanuka kwa sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Pete ya kipenyo cha milimita 50, ikipashwa nyuzi 400 zaidi, hutanuka kwa milimita 0.24. Huonekana ni kidogo, lakini inatosha kuteleza mahali pake kwa urahisi, na ikipoa hakuna mtu atakayeitoa kwa mkono. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilitembea juu ya kanuni ya kano ya Mhadzabe.

Lakini kubana sana si lengo la kila kiungo. Wawindaji wa zamani wa Kikamba na Wawaata wa nyika za Tsavo walitengeneza mshale wa sumu wenye viungo viwili. Kigumba kilifungwa kwa nguvu kwenye kijiti kifupi, na kijiti hicho kikachomekwa tu ndani ya wano. Mnyama akipigwa na kukimbia, wano liliachia na kigumba chenye sumu kikabaki mwilini. Katika mshale mmoja fundi alitengeneza kiungo kisichoachia na kingine kinachoachia kwa kipimo, vidole vichache kutoka kimoja hadi kingine. Huo ni ustadi wa juu kuliko kubana tu.

Kikombe kwenye tako la risasi

Sasa tuvuke bahari. Huko Marekani, na kwa kiasi fulani Ulaya, kuna wawindaji na walenga shabaha ambao sheria za kwao zinawaruhusu kuyeyusha metali ya risasi na kuimimina kwenye kalibu nyumbani iwe risasi za bunduki. Wamekuwa na tatizo moja kwa zaidi ya miaka 100, na ni lilelile la noleo.

Enzi za baruti nyeusi halikuwapo. Baruti nyeusi inasukuma kwa nguvu ya wastani, na kati yake na risasi palitosha kuwekwa kizuizi laini. Mwenye gobole alisindilia kitambaa au nyuzi. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo kampuni nyingi za askari wa Kijerumani hapa kwetu bado ziliibeba vita vilipoanza mwaka 1914, ilitumia risasi ya milimita 11 iliyovingirishwa karatasi. Karatasi hiyo ililinda metali laini isichubuliwe na mtutu.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kubwa zaidi. Gesi yake ni kali na ya moto, na risasi laini ikisukumwa nayo huliwa kwenye kingo za tako, kisha huacha utando ndani ya mtutu na kupoteza shabaha. Majeshi yalitatua hilo kwa koti zima la metali ngumu, wazo ambalo Eduard Rubin wa Uswisi alikuwa amelifanyia kazi mwaka 1882. Wamiminaji wa nyumbani hawakuwa na mashine za kuvisha koti. Mwanzoni mwa karne ya 20, John Barlow wa kampuni ya Ideal aliwapa njia nafuu: kikombe kidogo cha shaba kinachovishwa kwenye tako peke yake, kikalikinga na gesi.

Kikombe kikawa kinachomoka. Risasi iliyokipoteza njiani ilipoteza pia mwelekeo, na wamiminaji wakaanza kuuliza kwa nini, hali wamekibana kwa nguvu ndani ya pete ya chuma ya kupimia.

Msomaji wa sura hii anaweza kuwajibu. Risasi safi ni metali isiyo na uhai wa kurudi. Hurudi kwa asilimia 0.06 hivi. Kikombe kilichotoka kwenye mashine ya kukatia kimekwisha kukazwa na mashine hiyo, kwa hiyo hurudi kwa asilimia 0.25. Vyote viwili vinapita kwenye pete, vinabanwa pamoja, vinatoka upande wa pili, na kikombe kinafunguka mara nne ya kiini chake. Kwa kipenyo cha milimita 8 nafasi inayobaki ni karibu milimita 0.015. Huwezi kuiona, lakini inatosha.

Kuna sababu ya pili inayoongezea. Risasi hutanuka sana kwa joto, sehemu 29 katika milioni kwa kila nyuzi. Ikiganda kwenye nyuzi 327 na kupoa hadi joto la chumba, husinyaa kwa karibu asilimia 0.9. Tako la milimita 8 linapungua kwa milimita 0.07, unene wa unywele, na kikombe kilichotengenezwa kwa kipimo cha kalibu kinakuta kiini chembamba kuliko kilivyoahidiwa.

Tiba walizozipata baada ya miaka ya kujaribu zinafuata kanuni yetu hatua kwa hatua. Ya kwanza ni kukilainisha kikombe kwa moto, kama mhunzi anavyolainisha noleo. Ya pili ni kuipa risasi uhai kwa kuichanganya na antimoni na bati. Mchanganyiko huo ni mgumu zaidi, unarudi zaidi, na pia husinyaa kidogo kuliko risasi safi unapopoa. Ya tatu ilitoka viwandani: kikombe chenye ukingo mnene kuliko ukuta wake, ili kinapobanwa ukingo uume ndani ya risasi usitegemee kukumbatia peke yake. Nje laini, ndani hai, na meno kwa ajili ya tahadhari.

Risasi haifai kuwa kiini, lakini inafaa sana kuwa pete. Mvuvi anaijua tabia hiyo. Anaipasua chubwi, anapitisha mshipi katikati na kuibana kwa koleo, nayo inashika bila kuteleza, kwa sababu metali isiyorudi ikikumbatia kitu chenye kurudi haikiachii. Kila metali ina upande wake wa kufaa, na kosa la kwanza la fundi ni kuipa ule mwingine.

Onyo ambalo si la pembeni

Nimeeleza haya kwa ajili ya elimu ya metali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hairuhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila leseni. Lakini hata kwa kazi halali, kama kusubu chubwi za nyavu, kuyeyusha risasi jikoni ni hatari kuliko watu wengi wanavyodhani. Haina harufu ya kutisha, vumbi lake hukaa kwenye nguo na sakafu, na mtoto anayetambaa hulila. Huharibu akili za watoto kwa namna isiyorekebishika.

Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo na ambaye mtoto wake aliugua kwa sumu hiyo, alipigania haki ya wanakijiji kwa miaka mingi, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi iliendelea kwenye rufaa baada ya hapo. Fedha hizo, hata zikilipwa zote, haziwezi kuitoa risasi kwenye mifupa ya mtoto. Anayeyeyusha betri nyumbani ili apate chubwi za bei rahisi na ajue anafanya biashara na nini.

Jinsi ya kukipima kiungo

Ukienda mnadani kununua kisu, shoka au mkuki, usianze kwa kutazama makali. Makali yatanolewa. Anza kwenye kiungo, na ujiulize maswali matatu.

La kwanza: kipi kimekumbatia kipi, na kipi kati yao kinarudi zaidi? Noleo la shaba juu ya mti ni jozi njema. Pete ya bati gumu lililokatwa kwenye debe, ikiwa imekunjwa tu bila kupita motoni, itafunguka. Ukucha ukipita kwenye ukingo wa pete na kukwama, pameshaanza kuachana.

La pili: mti ulikuwa na unyevu kiasi gani ulipotiwa chuma? Uguse shavuni. Mti mbichi ni baridi na mzito. Kama ni mbichi, omba bei ya chuma peke yake na uutafute mpini mwenyewe, uukaushe, kisha urudi kwa mhunzi wakati wa kiangazi.

La tatu: kazi ya zana hii inakiingiza kiungo ndani au inakivuta nje? Shoka la mkia hukazwa na kila pigo, hivyo linahitaji mti usiopasuka kuliko linavyohitaji kabari. Jembe la jicho huvutwa na kila mng'oo wa udongo, hivyo mpini wake uwe mnene upande wa mbali, ili kuvuta kugeuke kuwa kukaza.

Mtu anayeweza kujibu maswali hayo matatu amejifunza jambo ambalo wahunzi wa Gidang'odiga wamelijua kwa mikono yao kwa vizazi vingi, bila kipimo cha milimita na bila mtu kuwaita wahandisi. Tunavyo vyuo vya ufundi, na tunalo shirika la viwanda vidogo, SIDO, tangu mwaka 1973. Ningependa kuona mzee mmoja wa ukoo huo amesimama mbele ya darasa la chuma akilainisha pete ya shaba, na mwalimu pembeni akiandika ubaoni ile asilimia 0.04. Mwanafunzi akivipata vyote viwili siku moja, mkono wa mzee na tarakimu ya mwalimu, atatengeneza zana ambazo hazichomoki.